Musaada Wetu kwa Kisiwa cha Inga

Enzi zetu Murara, mutaa wetu wa Goma, ilikuwa mawe matupu, na magoti yetu yalifahamu kila jiwe. Tulicheza mupira wa majani ya migomba juu ya ile lava kali. Ukianguka, hauinuki na ngozi yote. Watoto wa leo wanaanguka juu ya godoro na wanapelekwa hospitali. Mimi nilisoma mpaka darasa ya inne ya primaire. Akili haikukosekana. Wakimbizi walivuka mupaka, wakalala ndani ya darasa letu, nami nikaanza kusukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubeba mizigo. Leo niko na depo ya mbao na malori mawili, na wale waliomaliza masomo ndio wananiandikia fakture za wateja. Nasema tu.

Mwaka ule kila nyumba ilikuwa na wageni. Kwetu jikoni alilala mama mumoja na watoto wake. Mukubwa wao, Deo, alikuwa rika langu na alisema kama redio. Chumba cha mbele mama yangu alimupangisha muzungu mumoja, infirmière wa kutunza wakimbizi, binti murefu mpaka anainama mulangoni. Jina lake Inga. Alitoka Norvège, inchi ya baridi huko Ulaya, kwenye kakisiwa kadogo kenye komini yake na bourgmestre wake, mukubwa wa komini. Jina la kakisiwa lilitushinda mudomoni, tukaita tu Kwa Inga.

Mama alikuwa na sheria moja, aliyoirudilia kila mara kabla ya kupakua: "Nisisikie mutu anamuuliza mugeni kama kwao walikula. Munaweka sahani, munaangalia pembeni." Ukivunja, mwiko wa ugali unakupata ukiwa bado wa moto.

Sasa, Inga alibandika ukutani picha kubwa ya kwao. Siku moja alipoenda kazini, mimi na Deo tulisimama dirishani tukaichunguza. Mawe. Mawe meusi, hata mugomba mumoja hakuna.

"Volkano ilipita hapa," Deo akasema.

"Ilipita lini?"

"Hauoni? Hata majani hayajarudi."

Kando ya maji, mitumbwi mingi imefungwa pamoja. "Walikimbilia majini," Deo akasema tena. Na mbele, hapo ndipo moyo uliniuma: watu, wazee kwa watoto, wamevaa makoti ya plastiki ya manjano, kila mutu na sahani mukononi, wamepanga mustari mbele ya sufuria kubwa inayotoka moshi. Pembeni ya sufuria, mwanaume munene mwenye munyororo wa dhahabu shingoni.

"Wanagawiwa chakula," Deo akasema polepole. Yeye mustari aliujua, alisimama ndani yake tangu siku aliyovuka.

"Na huyu wa munyororo?"

"Ndiye anayegawa. Angalia tumbo."

Kila kitu kikaeleweka. Inga mwenyewe alikuwa ametuambia, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, kwamba kwao kuna duka moja tu, kwamba samaki wanaanikwa juu ya miti mpaka wanakuwa kama kuni, na kwamba kuna miezi jua halitoki kabisa. Tulikuwa tumecheka. Na sombe ya mama, yale majani ya muhogo, alikuwa anakula sahani tatu! Njaa ya namna ile haianzi Goma.

Hatari ilikuwa hii: kazi ya Inga ilikuwa imekwisha, siku ya posho ya wakimbizi anapanda ndege. Angerudi mikono mitupu kwa watu wa mustari. Tulibaki na siku inne za kujaza mufuko.

Tulipita avenue nzima, nyumba kwa nyumba. Kila mutoto akaleta kikopo cha maharagi, tena kwa siri. Deo alileta unga wa posho yao wenyewe. Kuna mumoja alileta kiatu kimoja. Tukamuuliza kingine kiko wapi. "Wao pia watafute," akajibu. Lakini mufuko ulikuwa bado nusu. Basi nikaingia chini ya kitanda cha mama, nikatoa mbegu zake, maharagi aliyochagua moja moja, akingojea barabara ya Rutshuru, kwenye shamba lake, ifunguke apande.

Alinikamata mulangoni, fimbo iko juu.

"Mbegu zangu zinaenda wapi?"

"Norvège, mama."

"Norvège gani inakula mbegu zangu?"

Nikamuvuta mpaka dirishani. Aliangalia picha muda murefu, nami nikaangalia fimbo. "Maskini," akasema. "Na vikongwe ndani ya mustari." Akanipiga moja, ya wizi, kisha akaleta zile mbegu zilizobaki, akamwaga zote, akaongeza chumvi ndani ya kikaratasi. "Munataka wale bila chumvi kama mbuzi?"

Siku ya posho tulisukuma mufuko kwa chukudu mpaka kwenye jeep yake. Inga akauliza, "Hii nini?" Na sisi sote, watoto makumi mbili, tukageuza macho tukaangalia mulima Nyiragongo kana kwamba inatuita. Akauliza tena. Deo akashindwa kunyamaza: "Ni ya wale wa mustari. Uwaambie wasisukumane."

Uso wake ukawa mwekundu. Kisha akafungua valizi, akatoa nguo zake zote, akamupa mama yake Deo, akaweka maharagi ndani.

Miezi ikapita, barabara haikufunguka, tukala ndizi mpaka tukachoka, na mama hakulalamika hata siku moja. Halafu barua ikafika, na kashe, muhuri wa komini. Mwalimu alitusomea uwanjani. Bourgmestre wa Kwa Inga anatushukuru. Waliyapika maharagi yote, kisiwa kizima kilikula, na yeye mwenyewe alirudilia sahani mara tatu.

"Nilisema!" Deo akapiga kelele.

Leo watoto wangu wananionyesha kisiwa ndani ya simu. "Papa, hawa matajiri! Hii ni fête, sikukuu yao ya samaki, na yule munene ni bourgmestre!" Najua. Nilijua zamani, wala sioni haya. Mama alikufa akiamini aliwaokoa, na barua iko ndani ya sanduku langu.

Vita vimerudi, wageni wamejaa tena mpaka kambi ya Mugunga. Juzi mutoto wangu alikuwa anapiga picha familia iliyolala kwetu, wakikula, atume kwa marafiki. Nilimunyang'anya simu. Na huko kwenye kugawa posho, utatoa jina, utaweka kidole kwenye mashine, utapigwa picha ya uso, ndipo upewe jeton, kale kaalama ka kupokelea, ndipo upewe kikombe cha unga.

Sisi tulilisha komini nzima ya Norvège, na hatukumuomba mutu hata mumoja jeton.