Nilinunua gitaa la besi la bei mbaya kwa fundi anayefunga karakana, likaishia kwenye mnada wa Mavuno

Wakuu, salaam kutoka Mwanza.

Hii ya leo imenitokea mimi mwenyewe, sikuisikia kijiweni na wala si ya "rafiki yangu mmoja". Mkiona kuna sehemu najidhalilisha, jueni ndivyo ilivyokuwa.

Nijitambulishe kidogo msije mkapotea. Mimi ni afisa manunuzi kwenye kiwanda cha samaki, nyumbani kwetu asili ni Muleba, naishi Igoma na mke na watoto. Jumapili napiga besi kwenye kwaya ya usharika wetu. Ijumaa napiga na bendi ndogo kwenye hoteli moja pembeni ya ziwa.

Kwa wasiojua, besi ni lile gitaa la nyuzi nene ambalo hakuna anayelisikia mpaka siku likikosekana.

Tangu sekondari nimepiga besi za watu. Ya shule, ya kanisa, ya hoteli. Ya kwangu sijawahi kuwa nayo. Hiyo ya kanisa shingo imepinda, ukipanda noti za juu inalalamika, na mwalimu wa kwaya ananiangalia mimi kana kwamba ndiye niliyeipinda.

Sasa kuna mzee mmoja yuko Ujerumani, fundi wa magitaa ya besi, ana karakana ndogo na wafanyakazi wachache. Hatengenezi mengi. Nililiona gitaa lake mara moja tu, mgeni alikuja nalo hotelini, akaomba kupiga nasi nyimbo mbili, halafu akanipa nilishike.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mke wangu akadhani nimegombana na mtu.

Nikawa namfuatilia yule mzee mtandaoni kama watu wanavyofuatilia timu. Siku moja karakana wakaweka tangazo. Mzee amechoka, mikono inamsumbua, watoto wake hawaitaki hiyo kazi. Watamalizia oda chache, halafu wataona. Labda kampuni kubwa itanunua jina, labda watafunga. Hawakuahidi kitu.

Kwenye magrupu ya wapiga besi wa huko nje watu wakagawanyika. Wapo waliosema usinunue, hiyo warranty itakufa siku karakana ikifungwa. Wengine wakasema nunua haraka, akifunga bei inapaa, liweke kwenye boksi lake na usiliguse.

Kazini kwangu jambo hili lina jibu moja. Hununui mashine kwa mtu ambaye hujui kama mwakani atakuwepo. Nimewahi kukataa mashine nzuri sana ya barafu kwa sababu hiyohiyo, bosi akanisifia kwenye kikao.

Huyu mzee wa besi nilimtumia oda siku hiyohiyo.

Hapo nilijitetea moyoni hivi: sisi huku vitu vingi tunavyotumia hata hatujui waliovitengeneza waliishia wapi. Cherehani ya mama yangu kule Muleba sijui kama kiwanda chake bado kipo, na mpaka leo inashona sare za shule. Kwa hiyo hilo la warranty halikunitisha sana.

Kazi ilikuwa kwa mke wangu, Mama Koku. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye anayetunza hela ya bati. Tuna nyumba tunajenga hapahapa Igoma, kuta zimesimama, paa bado. Hiyo hela sikuwa na mpango wa kuigusa. Gitaa nililinunua kwa akiba yangu ya bendi pamoja na mkopo wa kazini. Lakini mkopo ni wa nyumba nzima, kwa hiyo ilibidi nimwambie.

"Baba Koku, unamlipa mtu anayefunga duka?"

"Ndiyo maana nalipa sasa. Akishafunga, bei inapanda. Tukikwama tunaliuza, tunaezeka, na chenji inabaki."

"Kwa hiyo unanunua ili uuze."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, akaendelea kusahihisha madaftari.

Ile sawa haikunikalia vizuri, ila nikaichukua.

Gitaa lilikuja na dada yangu ambaye ni nesi hukohuko Ujerumani, alipokuja likizo. Nilipolifungua sebuleni sikulichomeka kwenye spika wala nini. Nilikaa tu nalo mapajani. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa wakuu, hapa kwetu ukipata kitu kikubwa unakipeleka kanisani kiombewe. Pikipiki, cherehani, gari. Friji nimewahi kuiona kwa macho yangu. Nikamgusia mchungaji, akasema niende nalo Jumapili. Nikaenda.

Nilichosahau ni kwamba Jumapili ile ilikuwa Sikukuu ya Mavuno.

Kwa ambao hamna utaratibu huu: siku hiyo waumini wanaleta mazao na mifugo, vinawekwa mbele kwenye ngazi za madhabahu, vinaombewa. Baada ya ibada vinatolewa nje na kupigwa mnada, hela inaingia kanisani. Kila kilichokaa pale mbele ni sadaka. Hata mtoto wa Sunday school anajua.

Mimi nilifika mapema kwa ajili ya mazoezi ya kwaya, ngazi zikiwa tupu. Nikalitoa gitaa kwenye boksi ili mchungaji alione vizuri, nikaliegemeza pale, nikaenda kukaa nyuma na ile besi ya kanisa. Watu wakaanza kuingia na mikungu ya ndizi, viazi, magunia ya mpunga, kuku. Nikawaza tu kwamba mwaka huu watu wamebarikiwa. Mchungaji akaviombea vyote kwa mpigo.

Ibada ilipoisha nilikuwa nakunja nyaya za spika. Nikasikia kipaza sauti huko nje:

"Na sasa wapendwa tunalo gitaa. Gitaa zima na nyuzi zake zote."

Nilitoka mbio. Mzee wa kanisa anayeendesha mnada alikuwa amelishika shingoni, vilevile alivyokuwa amemshika jogoo aliyetangulia.

"Mzee shikamoo. Samahani, hilo ni la kwangu. Lilikuja kuombewa tu."

"Marahaba mwanangu. Najua ni lako. Hata jogoo alikuwa na mwenyewe." Watu wakacheka. "Kilichokaa pale mbele siku ya Mavuno hakirudi nyumbani bure. Unalitaka, linunue. Nani ananipa elfu ishirini?"

Najua mtaniuliza kwa nini sikwenda kwa mchungaji. Mchungaji alikuwa palepale, amekumbatia papai alilonunua, anacheka na wenzake. Na kusimama mbele ya usharika mzima udai urudishiwe kitu ulichokiweka madhabahuni kwa mkono wako, hiyo aibu wangeirithi hadi wajukuu zangu.

Nikanyoosha mkono. Elfu hamsini.

Wakanitania kidogo, mmoja akaongeza, mwingine akaongeza. Mimi nikaongeza. Ilikuwa bado utani mpaka alipoingia Mama Neema.

Mama Neema anauza dagaa kwa jumla, mizigo yake inafika hadi Kongo. Ni mtu mzuri, na mnada bila yeye unapoa. Akasema laki moja na nusu, halafu akamgeukia jirani yake:

"Litapendeza ukutani, pale juu ya tivii."

Nilikuwa nimebakiza hela ya kufikia mwisho wa mwezi, basi. Nikafika laki mbili. Akasema laki tatu bila hata kuniangalia. Nikampigia kiongozi wa bendi aniazime, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena.

Huko nje kuna watu walikuwa wanaomba wauziwe gitaa la aina hiyohiyo kwa hela ambayo sitaitaja hapa. Hapa Igoma la kwangu lilikuwa linaondoka kwa laki tatu kwenda kupamba ukuta.

"Laki tatu mara ya kwanza," mzee akasema. "Laki tatu mara ya pili."

Niliogopa, wakuu. Nimewahi kuwa kwenye basi lililopinduka na sikuogopa namna ile.

"Laki tano."

Sauti ilitoka upande wa akina mama. Alikuwa Mama Koku, simu iko mkononi. Nilijua mara moja ni hela gani anayoitaja, maana ndani ya nyumba yetu hakuna nyingine. Bati.

Mama Neema akamwangalia, akaniangalia mimi, akacheka polepole. "Mwalimu, chukua."

Mke wangu akalipa palepale kwa simu. Mzee akampa gitaa yeye, si mimi. Akaliweka begani, akaanza kutembea kwenda nyumbani na viatu vyake vya Jumapili. Mimi nikafuata nyuma na boksi tupu.

Njiani nikamwambia nitairudisha hela ya bati, anipe muda.

"Uirudishe ya nini? Nimenunua gitaa."

Nilidhani anatania. Ijumaa yake nilipolichukua niende hotelini, akaniuliza, "Unaenda na gitaa la nani?" Ikabidi niombe. Akaniruhusu, akasema lisinyeshewe.

Tukaenda hivyo miezi kadhaa. Naomba, napewa, narudisha.

Halafu habari ikaja. Karakana imefungwa rasmi. Hakuna aliyenunua jina, mzee ameuza mashine zake na kupumzika. Magrupu yakachafuka, bei ikapaa vilevile nilivyosema. Mtu mmoja wa huko nje ambaye tulikuwa tunachati akanitumia ofa. Wakuu, ilikuwa bati, milango, madirisha, na chenji.

Hesabu yangu ilikuwa imetimia yote, na mwenye mali si mimi.

Nikamfuata jikoni, nikamweleza kwa sauti ile ninayotumia kwenye kikao cha tenda. Alikuwa anamenya ndizi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mtu atalipiga?"

"Hapana, anakusanya. Anayo mengine kwenye kabati la vioo."

"Mwambie haliuzwi."

Nikamkumbusha nyumba. Nikamkumbusha kwamba makubaliano yetu yalikuwa tununue ili tuuze, na mimi nilitoa ahadi. Moyoni nilikuwa naomba asikubali, lakini nilimbana kweli, maana ahadi ni ahadi.

Akaweka kisu chini.

"Baba Koku, siku ile uliponiambia unanunua ili uuze nilijua si kweli. Wewe ndiye ulikuwa hujui. Na pale kwenye mnada mimi hilo gitaa sikuliangalia, nilikuangalia wewe na hiyo simu yako haipokelewi. Tangu umenioa sijawahi kukusikia unataka kitu. Ukiulizwa unasema chochote tu, sawa tu. Nikasema kumbe huyu naye ana kitu anakitaka. Bati tutanunua, lisilopatikana mwaka huu litapatikana mwaka ujao. Huyo mzee wa Ujerumani ndiyo ameshaacha, hatatengeneza jingine."

Nikatoka nje nikajifanya naangalia tenki la maji kama limejaa. Nililia, niseme tu ukweli, na tenki lilikuwa halina kitu.

Somo nililopata, kama linawafaa chukueni. Ukitaka kununua kitu cha thamani na aliyekitengeneza yuko ukingoni, achana na hesabu za kwamba ni uwekezaji. Jiulize unakitaka au hukitaki, halafu umwambie mwenzako hivyohivyo. Na kama unasali usharika wenye Mavuno, angalia kalenda kwanza.

Nyumba bado haijaezekwa. Nimeongeza hoteli nyingine siku za Jumamosi na hela yote inakwenda kwa mwalimu.

Mliowahi kununua kitu kwa kampuni iliyokufa, spea mlipata wapi? Na wale mtakaosema mke wangu kanikalia, semeni tu, nimeshazoea, hata kwaya wananiita mpangaji.

Ijumaa hii tunapiga. Nimeshaomba ruhusa kama kawaida. Safari hii mwenye gitaa, ambaye tangu nianze bendi hajawahi kukanyaga ile hoteli, kasema nimsubiri avae, tunaenda wote.