Mlango wa Mji wa Ng'ombe

Kabla sijaiona filamu ile, niliijua kwa sauti ya kwato. Kibanda cha video kilikuwa nyuma ya nyumba yetu huko Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kimetenganishwa nasi na mfereji mwembamba wa maji machafu, na kuta zake za turubai hazikuzuia chochote. Mchana jenereta ilianza kukohoa, moshi wa petroli ukaingia jikoni na kukaa kwenye nsima, ugali wa huko, kisha kutoka katika spika iliyopasuka zikaja kwato za farasi na ng'ombe, nyingi mno, kama mtu anayemwaga kokoto juu ya bati. Mama alikuwa akishona barazani. Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Hakugeuka. Mguu tu ulisimama, gurudumu likazunguka kidogo lenyewe na kutulia, naye akasubiri mpaka kwato zipite. Nilikuwa mtoto wa kuwaza kupita kiasi, ugonjwa ambao sijapona, na nilijifunza mapema kuusoma ule mguu kuliko uso wake. Ukisimama, palikuwa na jambo la kuogopa, hata kama sijalijua jina.

Jina lake niliambiwa na mama mdogo Zawadi, mdogo wake mama, ambaye alinilea nusu ya utoto wangu na hakuamini katika kuwaficha watoto mambo. Kwetu Fizi, huko Kongo, alisema, kila kiangazi ng'ombe walishushwa kutoka milimani kutafuta majani, na njia yao ilipita kandokando ya mihogo yetu, na mara nyingine katikati yake. Watu waligombana kwa maneno, mwaka uliofuata kwa fimbo, na mwaka mmoja wakaja watu wenye bunduki ambao hakuna aliyejua wametumwa na nani. Mama alikuwa shambani. Alisikia kwato kwanza, halafu yale mengine. Mimi nilikuwa mgongoni mwake, kwa hiyo nilikuwepo, ingawa sikumbuki, na nimejiuliza mara nyingi kama mgongo unaweza kumrithisha mtoto hofu kama unavyompa joto.

Kibanda kilikuwa mali ya Mama Bahati, mwanamke mnene wa Bukavu mwenye sauti ya chini. Ndani, kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, aliketi Papa Elie, mtafsiri. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na sisi tulikuwa watu wa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, hivyo Papa Elie alipunguza sauti kila watu wa kwenye kioo walipofungua midomo, akasema yeye. Alikuwa hodari. Aliweza kuwa mzee, msichana na farasi ndani ya dakika moja. Siku za Jumapili mdomo huohuo uliwatafsiria wahubiri wageni kanisani kwetu, na wazungu wa mashirika walipokuja kufanya mikutano, ni yeye waliyemsimamisha pembeni yao. Kwa hiyo hakuna aliyefikiri kuwa Papa Elie alikuwa na maneno yake mwenyewe. Alichosema yeye ndicho kilichosemwa.

Mwaka ule alipata diski moja ya zamani, yenye vipindi vingi vilivyobanwa pamoja, ya mji wa ng'ombe huko Amerika. Nyumba za mbao, barabara ya vumbi, askari mrefu mwenye nyota kifuani. Kila kipindi wageni waliingia na farasi, na kabla kipindi hakijaisha mtu alikuwa amelala vumbini na kofia imemtoka. Nilichungulia kupitia tundu la turubai, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuogopa nikiona kuliko kuogopa nikisikia. Vumbi lilikuwa la rangi ileile ya vumbi letu. Hata nyumba zilifanana na soko letu la juu, pale maduka yalipojipanga kwa mstari. Na Papa Elie, ili watu wasikae wakidhani ni mchezo, alikuwa na maneno aliyoyarudia kila mwanzo: "Hii muji si hadisi. Iko kule Amerika, jimbo ya Kansas, jina yake Dodge City. Njo vile bantu banaishi kule."

Katika majira hayohayo mama mdogo Zawadi, mumewe na mtoto wao waliambiwa kwamba wamekubaliwa kuhamia Amerika. Kambini habari ya namna hiyo huenda haraka kuliko moto. Kufika jioni watu walikuwa wamejaa uani wakiimba na kumshika mikono. Walikuwa wakienda Kansas, alisema mumewe, kwa sababu kaka yake alitangulia huko na alikuwa akifanya kazi kwenye machinjio ya ng'ombe. Mtu mmoja akauliza ni mji gani. Alipotaja Dodge City, wimbo haukukatika mara moja. Ulipungua sauti moja baada ya nyingine, kama mvua inavyoacha, mpaka wakabaki wale wa nyuma ambao hawakusikia. Nilimtazama mama. Hakuwa kwenye cherehani, lakini mguu wake ulikuwa umekazana kwenye udongo.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Nikilala nilimwona mama mdogo kwenye barabara ile ya vumbi, kitenge chake cha njano, kofia ikimtoka ingawa hakuwahi kuvaa kofia. Nilihesabu ni nani angemzika. Mama hakuwa na siri kama mimi, alisema wazi, mbele ya shemeji yake, akiwa na pini mdomoni: "Tulikimbia bunduki na ngombe, na sasa unaenda tena fasi ya bunduki na ngombe?" Mama mdogo mwanzoni alicheka. Halafu akaacha kucheka. Halafu akamwambia mumewe aende na mtoto, yeye atabaki. Kila mtu alijua maana yake. Ukikataa, faili lako linarudi chini kabisa, na wapo waliozeeka wakisubiri liitwe tena. Mumewe hakugombana naye. Aliketi tu mlangoni akiichezea kofia yake, na nilipoiona ile kofia nilikimbilia ndani.

Jumapili baada ya ibada mama alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alivuka mfereji. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, mama mdogo nyuma yake na mimi nyuma yao wote, na akasimama mbele ya kibanda ambacho kilikuwa kimemsimamishia mguu miezi yote ile. Papa Elie alitoka, bado na tai aliyotafsiria kanisani. Mama alimsalimu kwa heshima, akamuuliza kama ni kweli, yale mambo ya mji ule, kwa kuwa ndugu yake anapelekwa huko na yuko tayari kuacha safari. Watu waliokuwa wakisubiri filamu wakasogea. Papa Elie alitazama viatu vyake.

"Mama, unisamehe," alisema. "Kizungu ya bale bantu mi nasikia nusu. Nusu ingine naweka yangu, juu bantu basilale."

Mama aliitazama ile tai. Kisha akauliza taratibu, "Na ku kanisa?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika turubai. Sidhani kama nimewahi kuona mtu akiifungua tai kwa haraka kama Papa Elie siku ile. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu kama nusu ilikuwa uongo, sikujua ni nusu ipi. Bunduki au ng'ombe? Mtu mwenye hofu hasaidiwi na nusu.

Aliyetusaidia alikuwa Mama Bahati, na alitusaidia bila kuinuka. Lazima nieleze kazi yake. Wengi waliokuja kwenye video walitoka moja kwa moja kwenye vibarua vya mashamba ya Wamalawi au kukata kuni, wakiwa na mapanga, mashoka na majembe. Walikuwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na kati yao walikuwamo watu ambao nyumbani wasingeketi benchi moja. Kwa hiyo Mama Bahati aliketi mlangoni na hakuna chuma kilichompita. Alikuwa na vizibo vya soda viwiliviwili, vilivyotobolewa kwa msumari kwa alama zinazofanana. Kimoja alikifunga kwa uzi kwenye panga, cha pili alikupa wewe, na ukitoka ulilidai panga lako kwa kizibo chako. Hata wazee wa kanisa walifuata. Hata polisi mmoja aliyekuja kutazama mpira aliambiwa aache kirungu, akakiacha, akapewa kizibo.

"Munauliza mutu wa ndani," alisema sasa, akionyesha kwa kidevu rundo la mapanga kando ya kiti chake. "Ndani banauana kila siku. Muniulize miye niko nakaa ku mulango. Mapanga yote hii, muliona nani alikufa?"

Mama mdogo alilitazama rundo lile. Kisha akasema, si kwa mtu yeyote hasa, kwamba kama huko watu walitoka mbali na ng'ombe wao kuja kuuza, na kila mmoja na bunduki yake, basi lazima kulikuwa na mama mmoja aliyeketi mlangoni. "Bila ye, soko ingekufa siku ya kwanza," alisema. Mama akamtazama mdogo wake kama mtu anayejaribu kuona kitu kilicho mbali. Hakusema aende. Alisema tu, "Basi umutafute huyo mama, ukifika."

Mama mdogo aliondoka asubuhi moja ya baridi, wakati ukungu wa Dowa, wilaya ile ya kambi, bado umelala juu ya mabati. Basi lilikuwa likisubiri, na watu waliimba na kulia kwa pamoja kama ilivyo desturi yetu, kwa sababu anayepanda basi lile hujui kama utamwona tena. Kabla ya kupanda alipita kwa Mama Bahati na panga lake la kuni, lile la mpini uliofungwa mpira mwekundu. Ndege hairuhusu, alisema. Mama Bahati alilifunga kizibo, akampa cha pili. Mimi nilibaki nikiwaza kwamba sasa anaenda kule bila hata panga.

Miaka ikapita, nikasoma. Nilipokuwa nikifanya shahada kwa njia ya mtandao, kambini humohumo, nilitafuta historia ya mji ule. Sikuitafuta kwa ajili ya somo lolote. Hofu tu ilikuwa bado inanidai. Nilisoma kwamba mji ulikuwepo kweli, na kwamba uliota pale kwa sababu reli ilifika pale. Ng'ombe wenye pembe ndefu walisukumwa kwa miguu kutoka Texas, safari ya miezi, ili wapakiwe kwenye treni za kwenda mashariki. Waliowasukuma walikuwa vijana maskini, wengi wakiwa weusi au Wameksiko, ambao diski ya Papa Elie haikuwaonyesha. Kabla yao nchi ile ilikuwa na wenyewe, waliofukuzwa, na nyati waliouawa kwa ajili ya ngozi hata mifupa ikarundikwa kando ya reli ikisubiri kuuzwa. Sehemu hiyo niliisoma mara mbili na kufunga kompyuta. Kisha nikasoma kuhusu wakulima: jinsi walivyoogopa kupe waliokuja na ng'ombe wa Texas na kuua ng'ombe wao, jinsi walivyoweka nyaya na kudai sheria, mpaka njia ya ng'ombe ikafungwa na biashara yote ikaisha baada ya miaka kumi hivi. Ugomvi wa majani na mazao, tena. Ulikuwa Fizi kwa lugha nyingine.

Na hapo, katikati, nikakuta kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kukijua. Mjini kule silaha zilikatazwa. Reli ndiyo ilikuwa mpaka. Kuivuka kuelekea upande wa maduka na kanisa ukiwa na bunduki lilikuwa kosa. Palikuwa na ubao mkubwa uliosema hivyo. Mgeni akifika aliikabidhi bunduki yake dukani au hotelini, akapewa alama ya kuidai siku ya kuondoka. Watu waliuawa, ndiyo, lakini wachache mno kuliko kwenye kibanda chetu, ambako kila mchana alihitajika mmoja. Waliotengeneza filamu walikuwa wameonyesha kila kitu isipokuwa mlango.

Nilimpigia mama mdogo nikamsomea. Alikuwa ametoka kazini, machinjioni, anakokata nyama amevaa glavu za chuma. Hakushangaa hata kidogo. Alisema mji ni baridi, unanuka ng'ombe, treni bado inapiga honi, na hajaona farasi. Kisha akauliza anachouliza kila tunapozungumza: "Na panga yangu iko?"

Lipo. Mama Bahati naye alihamishwa, nchi nyingine kabisa, na siku anaondoka alivuka mfereji na kumkabidhi mama mapanga ambayo wenyewe walikuwa wameondoka na vizibo vyake. Kibanda siku hizi ni mahali pa kuchaji simu. Mlangoni hakuna mtu. Mimi naishi Mchesi, mtaa wa mji mkuu, nafundisha Kifaransa nyumba kwa nyumba mpaka mtaa wa Area 23, na kila tetesi kwamba wakimbizi wote watarudishwa kambini hunikalisha macho kwenye mlango wangu wa bati, nikipanga ni nani atagonga na nitamjibu nini. Shahada haikunitoa woga. Nikiingia mahali pageni, kanisani, ofisini, kwenye basi la kwenda Madisi, macho yangu hutafuta kwanza kama kuna mtu aliyeketi mlangoni, na mara nyingi hakuna, nami hukaa karibu na njia ya kutokea.

Mwezi uliopita nilienda Dzaleka kumsalimu mama. Tulikuwa barazani pale wachungaji walipopitisha ng'ombe wao barabarani, wachache tu, na mguu wake ukasimama juu ya kanyagio kama zamani. Wangu pia ulikuwa umesimama. Tulisubiri. Kuni zilikuwa zimekwisha, nikainama chini ya cherehani nilichukue lile panga la mpini mwekundu nikakate. Mama akanishika mkono.

"Acha," alisema. "Ile iko na mwenyewe."