Kimea cha Kuku wa Al Wukair

Mwajabu alikuwa hoi. Kila alfajiri ya majira ya baridi, yeye mwenyewe hajatia kitu tumboni, aliloweka shayiri, akaisuuza iliyolowekwa jana yake, akaitandaza kwenye sinia ichipue. Kuku wa madamu, mwajiri wake pale Al Wukair, ughaibuni, lazima wale chakula kibichi, tena wale kwanza, kila siku ya Mungu!

Siku moja, kwa uchovu, mikono ikafanya ilichozoea kwao Morogoro: ikaianika shayiri iliyochipua juani, kama kimea cha togwa.

“Umeikausha yote!” madamu alifoka kwa Kiarabu. “Kuku wamesusa! Katupe!”

“Sawa, madamu.”

Hakutupa. Alikisaga kile kimea, akakikoroga kwenye uji uliopoa, akaufunika. Alfajiri iliyofuata Mwajabu aliketi, akanywa togwa yake taratibu, kikombe kizima. Kuku wakasubiri.