Mkono Usiosikia Moto

Mtaa mzima ulimwita Mama Kidole, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Alikuwa akipika pombe ya kimea uani kwake tangu binti yake akiwa wa kubebwa mgongoni, na kipimo chake cha moto kilikuwa kidole. Kimea kilichosagwa hakitaki maji yanayochemka. Ukikimwagia hayo umekiua, unabaki na uji mzito usiokubali kuwa mtamu. Ukikipa vuguvugu kinazembea, na pombe inatoka nyepesi, chachu, haina mwili. Panatakiwa pale katikati, na hapo katikati ni padogo sana. Mama Kidole alichovya kidole mara moja, mara mbili, mara tatu. Kama mara ya tatu kiling'atwa hata akakivuta bila kupenda, basi, alilifunika pipa kwa magunia na kwenda kukaa. Akirudi kuonja, uji umekuwa mtamu wa kulamba vidole.

Mkono huo ndio uliojenga nyumba, ingawa mume wake alipenda kuwaambia watu kwamba nyumba kajenga yeye. Ndio uliomlisha pia wifi yake, dada wa huyo mume, aliyekuja na mfuko mmoja wa nguo baada ya kuachika. Mama Kidole alimfundisha kila kitu: kulowanisha nafaka, kuiotesha, kuikausha, kuisaga, kuchovya. Wifi alipoiva, alihamia nyumba ya pili kutoka pale akaanza kupika yake. Mume akasema wanywaji ni wengi, mke wangu, usiwe na roho ndogo.

Kisha vidole vikaanza kufa ganzi. Ganzi ilianzia nchani, ikapanda taratibu hadi kwenye viganja, mkono wa kulia na wa kushoto. Muuguzi alisema ni sukari, imeila mishipa ya fahamu.

"Fahamu zitarudi?" aliuliza Mama Kidole.

"Tutunze zilizobaki, mama."

Hakuelewa maana yake mpaka siku aliyochovya akasikia kimya. Akaongeza maji ya moto, kimya. Akaongeza tena. Binti yake alipokuja uani alimkuta mama ameuzamisha mkono ndani ya pipa, anasubiri.

"Mama, utoe. Unajipika."

Malengelenge yalipanda hadi kwenye kifundo, naye hata hakukunja uso. Uji ule haukuwa mtamu kamwe.

Akajaribu kiwiko. Kiwiko kinajua kumwogesha mtoto, kimea hakikijui. Akajaribu kupima kwa sufuria, kiasi hiki cha kuchemka na kiasi hiki cha baridi. Siku ya jua ikakubali, siku ya mvua pipa lilikuwa limepoa tangu asubuhi na kazi yote ikaharibika.

"Mama Kidole," alisema seremala, mteja wake wa miaka, akiinua kikombe kwenye mwanga, "hii ni pombe au maji ya kusuuzia vyombo?"

"Kasuuzie vyako, uje uniambie kama vimetakata."

Watu wakacheka, naye seremala akacheka. Lakini jioni iliyofuata alionekana kwenye benchi la wifi, na benchi la Mama Kidole likabaki na paka.

Binti, aliyekuwa akifagia katika duka la dawa, akamletea mama yake kipimajoto. Walikitumbukiza kwa furaha. Kikapasuka papo hapo, vitone vya zebaki vikazama ndani ya uji.

"Kumbe ni cha homa," binti alisema kwa sauti ndogo.

"Basi uji ulikuwa mahututi," mama alijibu, akaenda kuumwaga pipa zima.

Cha pili alikipata kwa wachemsha maziwa, kirefu, chenye mstari mwekundu na namba ndogo kama mayai ya chawa. Macho ya Mama Kidole hayakuziona, lakini binti alizisoma. Tatizo likawa lingine: wasimamie namba ipi? Kidole hakikuwahi kuwa na namba. Kilijua kung'atwa tu, nacho kilikufa bila kusema pale palipong'ata ni namba gani. Duniani ulibaki mkono mmoja uliofundishwa na ule.

Wifi alikuja amejipaka mafuta, akicheka tangu mlangoni. Walichanganya, kipimajoto kikiwa ndani, binti akikitazama. Wifi akachovya mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Hapa, wifi yangu. Panang'ata hapa."

"Una hakika?"

"Si wewe ulinifundisha?"

"Hamsini," alisoma binti.

Hamsini ikawa amri ya nyumba. Pipa la kwanza likatoka maji, la pili likatoka maji, la tatu likachacha kabla ya kuuzwa. Ndipo Mama Kidole alipokumbuka jinsi wifi alivyoutoa ule mkono. Aliutoa polepole, kama mtu anayetoka kuogesha mtoto. Hakuuvuta, hakuupuliza.

Alimwambia mume wake. Mume alikuwa akivaa viatu ili aende kwa dada yake kunywa.

"Kwako kila mtu ni mbaya," alisema. "Mkono umekufa, sasa unataka na wa mwenzako ufe?"

Mama Kidole angemwonyesha nini, mkono uliotolewa polepole?

Kimea cha Mama Kidole kilipokwisha, wifi alimtumia salamu aje amsaidie kukoroga. Salamu tamu, mbele za watu. Alikwenda, na kipimajoto alikificha ndani ya nguo. Wifi akachovya, na safari hii aliuvuta mkono kwa kishindo akaupuliza. Halafu akaitwa mlangoni. Mama Kidole akakizamisha kile kioo cha kipimajoto, akaona mstari mwekundu ukipanda, ukasimama. Namba hakuziona. Akabana kidole gumba pale ulipoishia.

"Wifi." Sauti ilikuwa nyuma yake, ya upole kabisa. "Nenda nacho hicho. Kesho usijisumbue kuja, pumzika nyumbani."

Akatoka. Mstari ulishuka njiani kadiri kioo kilivyopoa, lakini hilo halikumtisha, kidole kilikuwa mahali pake. Seremala alimwamkia kutoka kwenye benchi, naye akaitikia kwa kuuinua mkono huo huo. Nyumbani, binti alikuwa akianika nguo.

"Nisomee. Hapa nilipobana."

Binti akakichukua kidole cha mama yake akakitazama, akakitazama tena.

"Mama, umebana mwisho wa kioo. Hapa hakuna namba."

"Sikukiachia."

"Kimeteleza."

Mama Kidole alikitazama kidole chake kama mali ya mtu mwingine. Labda kiliteleza mlangoni, labda njiani, labda pale alipomwitikia seremala. Alikuwa amekibana kwa nguvu zake zote muda wote, au alidhani hivyo.