Kanga za Msiba Haziendi Ukara

Mama yangu amesafiri kuliko watu wengi hapa Mwananyamala. Amefika Newala, Tunduru, Tanga, na mara moja Singida. Kote huko alikwenda kuzika. Baba alipofariki tulimpeleka kwao kwa basi la kukodi, tukarudi na basi hilohilo, na mama hakumbuki hata mto mmoja tuliouvuka. Ndiyo maana aliposema anataka kwenda Ukara, nilifunga saluni mapema nikakaa nimsikilize vizuri.

Ukara ni kisiwa kidogo kule kaskazini, ndani ya Ziwa Victoria, ng'ambo ya Ukerewe. Mpangaji wetu, mwalimu anayetoka huko, alimsimulia mama kuwa kuna jiwe kubwa limekaa juu ya mawe mengine, na likiimbiwa linacheza. Mama ni Mmakonde, ngoma iko damuni. Alimtazama mwalimu wa watu toka juu mpaka chini.

"Mwanangu, jiwe licheze, halafu mie nimekaa tu hapa nachambua mchele? Nitakwenda kulionyesha ngoma," aliniambia.

Nilicheka, lakini nilijua hatanii. Tukapanga: basi la alfajiri kutoka Mbezi Luis hadi Mwanza, meli hadi Nansio, kisha tuvuke hadi Ukara kwa dada wa yule mwalimu. Huyo dada alituma salamu kuwa tusibebe chakula, samaki wapo tele. Mama akakaanga visheti hata hivyo, maana haendi ugenini mikono mitupu. Akashonesha na gauni la kitenge, akamwambia fundi waziwazi kuwa ni la kuchezea ngoma, lisimbane mabegani. Sijawahi kumwona akibishana na fundi kwa furaha namna ile.

Lakini mazoea yana taabu. Siku moja kabla ya safari, mimi nikiwa saluni, mama alifua kanga zake za msiba, ile doti ya rangi ya kiza anayoitia begini kila anaposafiri, akazianika uani. Hakuna aliyemwambia. Kwake begi lisilo na kanga zile halijafungwa.

Niliporudi jioni nilikuta viatu vya kike vimejaa mlangoni. Majirani walikuwa wameona kanga kwenye kamba, wameona begi sebuleni, wakajijazia wenyewe yaliyobaki. Wamekaa mkekani wanaongea kwa sauti za chini, na mmoja alishamtuma mtu akaulizie turubai. Mama yuko katikati yao, macho chini, ameona haya kuwaambia anakokwenda.

"Pole, mwanangu." Jirani wa nyumba ya pili alinidaka mkono. "Mnasafiri kesho na hamjasema? Kafa nani?"

"Shikamoo. Hajafa mtu," nilisema, na hasira ilikuwa imeshanipanda. "Mama anakwenda kutembea."

"Kutembea? Umri huu?"

Hakusema kwa ubaya, lakini nilimwona mama akisinyaa. Alinivuta karibu akaninong'oneza kuwa labda tuahirishe, watu watasema ujane umemchosha. Iliniuma sana. Mwanamke aliyesindikiza majeneza mikoa yote ile, leo anaogopa kuonekana amefurahi!

Nilikwenda chumbani nikalichukua lile gauni, nikalitandika mapajani pake mbele ya watu wote. Akalipapasa mikono, akalipapasa mabega. Kisha akasimama.

"Jamani, mmenizoea vibaya," alisema. "Wewe, mama yako nilimwosha mie. Wewe, mumeo nilikwenda naye mpaka Tanga, nikakaa hadi arobaini. Kuna niliyemkimbia hapa?"

"Hakuna, shoga yangu," jirani alijibu taratibu.

"Basi kesho nakwenda kuliona jiwe. Likicheza, na mie nitacheza."

Nilijisikia fahari. Wanawake wale walitazamana, kisha mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakampokea. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa akicheka huku anafuta macho, akifoka aliyetumwa turubai aitwe arudi haraka.

Mama hakusubiri wanyamaze. Alitoka uani, akazianua kanga zake, akazikunja vizuri, akarudi akamkabidhi jirani mkononi.

"Nitunzie hizi," alisema. "Na akitaka kufa mtu, mwambie asubiri nirudi."