Santuri Kando ya Dagaa

Gramafoni ya marehemu baba ilikuwa imenyamaza miaka miwili juu ya kabati letu pale Ujiji, pamoja na santuri yake moja tu. Baba aliinunua ng'ambo, upande wa Kongo, alipokuwa akimchumbia mama. Kila mama alipopita aligusa kifuniko kwa kiganja, kisha akaendelea na dagaa wake. Mimi nilikatazwa kabisa kuisogelea.

Mjomba, fundi redio wa mtaa wa Mwanga, ndiye aliyeamua kuifufua. Alikuwa na maneno mengi kuliko vyuma. Alibadilisha mpira wa kuzungushia sahani, akasugua kutu ya betri kwa msasa, akatia mafuta mahali palipokuwa pakilia. Lakini kile kichwa cha zamani, chenye sindano nene ungedhani ya kushonea magunia, alikikataa. Akaagiza kipya Bujumbura kwa wafanyabiashara wa boti: chepesi, chenye ncha ya almasi.

"Huyu ni bwana harusi," alituambia. "Hataki vumbi. Akija akute santuri safi."

Basi mimi nikashika hilo la usafi. Na kwetu, kitu kikishaoshwa kilijulikana kinapelekwa wapi. Siku mama alipokwenda mkutano wa nyumba kumi, niliichukua santuri, nikaiosha ziwani kwa sabuni ya kipande, nikaianika mchangani katikati ya dagaa. Tena kwa uangalifu: niliigeuza mara mbili, isije ikakauka upande mmoja. Ziwa lilikuwa limelala, milima ya Kongo ikielea mbali katika ukungu, nami nikasinzia nikimsikia baba akiimba.

Nilipozinduka, santuri ilikuwa imepindika, ukingo huku juu, huku chini. Mama alikuwa amesimama karibu yangu, bado na kanga ya mkutano. Hakunipiga. Aliinama akaanza kugeuza dagaa, mmoja mmoja, na dagaa hawageuzwi mmoja mmoja. Heri angenipiga.

Kichwa kipya kilipofika, mjomba aliibana santuri kati ya vioo viwili vya dirisha, akaweka mawe juu, akairudisha juani. "Dawa ya moto ni moto," alisema. Jioni ilikuwa imenyooka, ila si yote. Almasi iliruka kila mzunguko, kama mtoto aliyekanyaga mchanga wa moto. Mjomba akatoa senti tano mfukoni, ile yenye samaki, akaibandika kwa nta juu ya kichwa. Sindano ikatulia.

Wimbo ukatoka, wazi kuliko zamani. Tulisikia hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa. Lakini sauti ya mwimbaji ilipanda na kushuka, ikiyumba.

"Dada, nisamehe," mjomba alisema. "Nitatafuta namna..."

"Nyamaza."

Mama alikuwa amefumba macho. Kisha akaanza kucheka, machozi yakimtiririka. "Marehemu hakuupatia wimbo huu hata siku moja. Aliuyumbisha hivihivi, kila jioni. Nami namwambia, fuata santuri, bwana! Fuata santuri!"

Wimbo ukaisha, sindano ikabaki ikikwaruza katikati. Mjomba akanyoosha mkono kuiinua.

"Wewe acha," mama alimwambia. Akanigeukia mimi. "Rudisha mwanzo, mwanangu."