Mgeni Wangu Hali Samaki

Nawaambia mwenyewe aibu yangu, kabla hamjaisikia kwa watu wa Lambwe.

Nilihamishiwa huko kama afisa wa kilimo, nikapanga chumba kwa Mama Akoth. Jioni sikuwa na mtu wa kuongea naye. Siku moja shambani niliokota mdudu, fukusi wa jamii isiyojulikana sana, wale wenye pua fupi pana, nikamweka kwenye chupa nimchunguze. Wiki haikuisha nikampa jina la kike, Adhiambo, nikawa namsimulia habari za kazi kila jioni.

Asubuhi moja Mama Akoth aliniuliza, "Mgeni wako anapenda samaki?"

Nilidhani ameiona chupa dirishani. "Hapana, mama. Anakula majani tu."

"Majani tu! Na mbona hatoki nje?"

"Nikimtoa atapotea."

Alinitazama vibaya, akaenda zake.

Jumapili alibisha hodi akiwa na akina mama wanne wa kanisa na sufuria ya mboga. "Tumekuja kumwona Adhiambo," alisema. "Kila jioni nakusikia ukimsemesha, naye hajibu. Mwache atoke, mwanangu."

Nilichukua chupa, nikaifungua mbele yao. Fukusi alishtuka, akakunja miguu, akajifanya amekufa.

Afadhali wangecheka. Mama Akoth alikitazama kitanda changu chembamba, kisha akanitazama mimi.

"Ni huyu tu?" aliuliza polepole.

"Ni huyu tu, mama."